Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno: Tuanze na "Mwingereza"

Wiki chache zilizopita, katika daladala iliyokwama kwenye foleni ya Mwenge, mzee mmoja aliyeketi karibu na dereva alianza kuwaeleza abiria kwamba Mwingereza ameitwa Mwingereza kwa sababu ndiye aliyetuletea gereza. Alilikata neno kwa kiganja chake hewani, "mwi" upande huu na "ngereza" upande ule, kama mtu anayekata pingili za muwa, na waliomsikiliza wakatikisa vichwa kukubali. Konda alicheka akasema kuwa hata yeye alikuwa akihisi hivyo siku zote. Maelezo yale yalikuwa mafupi, yalikuwa matamu, na yalikuwa na chembe ya historia ndani yake. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba si ya kweli. Nilikuwa nimemwamkia mzee huyo nilipopanda, akaniitikia kwa upole, na sikuona kuwa ni adabu kumsahihisha mbele za watu. Niliteremka kituo cha mbele nikiwa na deni la kueleza, na mwongozo huu ndio malipo yake.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuwafundisha wageni Kiswahili hapa Dar es Salaam, na katika kazi hiyo hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili: neno fulani limetoka wapi? Anayeuliza hutaka jibu la sentensi moja. Jibu la kuaminika, hata hivyo, hupatikana kwa kupita hatua kadhaa, na hatua hizo mtu yeyote anaweza kuzijifunza bila kuwa mtaalamu wa isimu. Nitazionyesha kwa kulifuata neno moja, jina tunalowaita watu wa Uingereza, kwa kuwa lina mitego karibu yote ambayo mfuatiliaji hukutana nayo.

Livue neno viambishi vyake

Usianze na neno peke yake. Liweke pamoja na ndugu zake: Mwingereza, Waingereza, Kiingereza, Uingereza. Ondoa kila kinachobadilika, na utabaki na shina ambalo halibadiliki, yaani "-ingereza". Hapo hapo unagundua jambo ambalo mzee wetu hakuligundua, nalo ni kwamba irabu "i" ni mali ya shina wala si mali ya kiambishi. Kiswahili hakina kiambishi cha "mwi". Kiambishi cha mtu mmoja ni "m", nacho kikikutana na irabu hugeuka "mw", kama tunavyoona katika mwalimu, mwizi na mwimbaji. Anayekata "mwi" na "ngereza" amekata mahali pasipo na kiungo, na nyama iliyokatwa mahali pasipo na kiungo huacha mfupa umevunjika pande zote mbili.

Hatua hii ndogo ina faida ya papo hapo kwa yeyote anayeandika. Ukipita mitaa ya Sinza na Ubungo utaona mabango yanayotangaza masomo ya "Kingereza", na baadhi yake yamewekwa na watu wanaofundisha lugha kwa malipo. Katika mazungumzo "i" moja humezwa, sikio halioni tofauti, na mkono huandika kile ambacho sikio limesikia. Lakini ki- ya lugha inapokutana na Ingereza, "i" mbili husimama bega kwa bega, nazo zote zina haki ya kuandikwa: Kiingereza. Kifaransa na Kireno hazina tatizo hilo kwa sababu shina zake huanza na konsonanti. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini lugha moja inaandikwa kwa "i" mbili na nyingine kwa moja, usimwambie kuwa ndivyo kamusi ilivyosema. Mwambie kuwa "i" ya pili imekuja na neno kutoka lilikotoka, na huko ndiko tunakoelekea.

Uliza neno linamtaja nani

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu wanadhani maana wanaijua. Asili isiyotanguliwa na maana hupotosha, kwa kuwa neno linaweza kuwa limepanuka au kusinyaa njiani, na ukilifuata kwa maana yake ya leo utatafuta mtu asiyekuwapo.

Neno Mwingereza, kama linavyotumika hapa mjini, lina upana wa namna tatu. Kwanza ni mtu wa ile sehemu ya kisiwa ambayo Waingereza wenyewe huiita England. Pili ni raia yeyote wa ufalme mzima, ukijumlisha Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Upana huu wa pili uliwahi kuniletea kesi darasani. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Edinburgh alikataa katakata kuandika sentensi ya zoezi iliyosema "Mimi ni Mwingereza". Aliifuta kwa kifutio hadi karatasi ikatoboka, akaandika juu ya tundu lile "Mimi ni Mskoti", kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa ni nani aliyewapa Waswahili ruhusa ya kuwaunganisha. Nilimjibu kuwa waliounganishwa waliungana wenyewe mwaka 1707, England na Scotland zilipokuwa ufalme mmoja, na kwamba sisi tulilipokea jina la mkubwa wao tukalitandaza juu ya wote. Hakuridhika, na sikumlaumu. Mfikirie Mzanzibari anayeitwa Mtanganyika huko ugenini, utaelewa lile tundu kwenye karatasi. Ushauri wangu kwa anayeandika habari rasmi ni kutumia "Ufalme wa Muungano" anapotaja dola, na kumwacha Mskoti awe Mskoti.

Upana wa tatu ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu hauhusu mtu kabisa. Mzee wa Ilala au wa Magomeni akisema kuwa nyumba fulani ilijengwa "wakati wa Mwingereza", hamzungumzii fundi wala mwenye nyumba. Anazungumzia serikali nzima na miaka yake yote, kuanzia majeshi ya Uingereza yalipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 hadi uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Kabla yake ulikuwa "wakati wa Mdachi", na hata huyo Mdachi amepewa jina linalotokana na namna Wajerumani wanavyojitaja wenyewe, yaani Deutsch. Dola nzima, pamoja na magavana, makarani, kodi na reli zake, imevishwa umbo la mtu mmoja mwenye kiambishi cha m-. Kamusi hulitaja jambo hili kwa nadra, lakini mfuatiliaji wa maneno anapaswa kuliandika kwenye daftari lake, kwa kuwa ni maana halisi inayotumiwa na watu halisi.

Pembezoni mwa neno hili yapo maneno jirani ambayo hayapaswi kuchanganywa nalo. Kizungu kwa wengi wetu ni Kiingereza tu, ingawa Mzungu anaweza kuwa Mgiriki au Mnorwe. Kimombo ni jina la mtaani la lugha hiyo hiyo. Ung'eng'e nao ni jina la mzaha, na hapo anayesema husikika akiiga puani sauti ya mtu anayejisikia kwa lugha yake ya kigeni. Haya yote yanataja lugha. Hakuna anayesema "Mng'eng'e" kwa maana ya Mwingereza.

Sikiliza sauti kabla ya maana

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu wa kawaida hutafuta asili kwa kufananisha maana. Mfuatiliaji mzuri hufananisha sauti kwanza, kwa sababu sauti hubadilika kwa taratibu zinazojirudia, ilhali maana hubadilika kwa visa. Andika kwenye karatasi lugha zote ambazo zingeweza kutupatia neno, pamoja na umbo la neno katika kila lugha. Kwa neno letu tunapata watahiniwa wanne: Kiingereza chenyewe, chenye "English", Kiarabu, chenye "Ingiliz" au "Ingilizi", Kihindi, chenye "angrez", na Kireno, chenye "inglês" kwa mwanamume na "inglesa" kwa mwanamke au kwa jina la kike.

Anza na yule anayeonekana kuwa mwenye haki zaidi, yaani Mwingereza mwenyewe. Kama tungelipata jina kutoka kinywani mwake, tungetarajia kusikia "sh" mwishoni, kwa kuwa Kiswahili hakina shida yoyote na sauti hiyo: "shirt" ilituachia shati, "brush" ikatuachia brashi. Hatuna sababu ya kuitupa "sh" nzuri kabisa na kuweka "z" mahali pake. Mtahiniwa huyu anaanguka mapema, na kuanguka kwake kunatuambia jambo ambalo si dogo: wenye jina si wao waliotupa jina.

Kiarabu kinafanya vizuri zaidi. Kina "i" mwanzoni na kina "z". Lakini maneno ya Kiarabu yanayoishia na konsonanti ya namna hiyo, yakiingia Kiswahili, kwa kawaida hupata "i" mwishoni, na umbo lenyewe la Kiarabu lenye "i" ya sifa lingetuletea kitu kama "Mwingilizi". Tungehitaji kueleza "a" ya mwisho imetoka wapi, "e" za katikati zimetoka wapi, na "l" imegeukaje "r". Kihindi kina "r" na "z" na "e" mahali panapostahili, na hilo ni jambo la kuzingatia. Mwanzo wake ni "a", mwisho wake hauna irabu.

Sasa mweke Mreno mezani, na meza yenyewe iwe shahidi. Neno letu "meza" limetoka katika "mesa" ya Kireno, ambayo huandikwa kwa "s" lakini hutamkwa kwa "z", kwa sababu "s" ya Kireno ikikaa katikati ya irabu mbili hutoa sauti ya "z". Neno "leso" limetoka katika "lenço", ambamo sauti ni "s" halisi, nayo kwetu imebaki "s". Maana yake ni kwamba Waswahili waliopokea maneno haya walisikia vizuri, wala hawakuwa wakibahatisha. Tazama basi "inglesa": "s" ipo katikati ya irabu mbili, kwa hiyo hutamkwa "z", na kwa Mreno neno hilo lina kina kimoja na "mesa" kama vile kwetu "Ingereza" ilivyo na kina kimoja na "meza". Mwisho wake ni "a". Mwanzo wake ni "i". Irabu yake yenye mkazo ni "e".

Kimebaki kipande kigumu, yaani "gl" kugeuka "gere". Kiswahili cha kale hakikupenda konsonanti mbili za namna hiyo kukaa pamoja, na kilipokutana nazo kilichomeka irabu kati yake, mara nyingi kwa kuiga irabu iliyo jirani: "fronha" ikawa foronya, "carta" ikawa karata. Kwa utaratibu huo huo "gle" inakuwa "gele" bila kulazimishwa. Kuhusu "l" kuwa "r", yeyote aliyewahi kununua mboga Kariakoo amesikia biringanya na bilinganya zikiuzwa kwenye fungu moja na mtu mmoja. Inawezekana "r" ilizaliwa hapa pwani. Inawezekana pia kwamba wafanyabiashara wa Kihindi, ambao "angrez" yao nayo imetokana na Kireno, waliisukuma. Mimi naegemea upande wa Mreno kuwa mzazi na Mhindi kuwa mkunga, na atakayeniletea barua ya kale yenye umbo la Ingeleza nitampikia pilau.

Pima kwa meli na miaka

Sauti zikishakuelekeza, usiamini bado. Uliza kama watu wenye lugha hiyo walikuwapo mahali hapo, wakati unaofaa, wakiwa na sababu ya kulitamka neno hilo. Asili nyingi zinazovutia hufia hapa.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa, na mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Meli ya kwanza ya Kiingereza kutia nanga Zanzibar, iliyoongozwa na James Lancaster, ilifika mwaka 1591. Soma tarehe hizo tena kwa utulivu. Mwingereza wa kwanza alipofika alikuta pwani ambayo imemsikia Mreno kwa zaidi ya miaka 90, na Mreno alikuwa na kila sababu ya kumtaja mtu huyo, kwa kuwa walikuwa wakishindana baharini na enzi hizo taji la Ureno lilikuwa mikononi mwa mfalme wa Hispania, adui mkubwa wa Uingereza. Jina lake lilitangulia kuliko tanga lake. Konsuli wa kwanza wa Uingereza, Atkins Hamerton, hakuja kukaa Zanzibar hadi mwaka 1841, yaani karibu karne moja na nusu baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698.

Kwa kulinganisha tu, Mreno naye hatukumwita kwa jina lake. Mabaharia wake walipotaja nyumbani walisema "reino", maana yake ufalme, nasi tukachukua neno hilo tukalitia m-. Ndiyo sababu nchi ya Portugal kwetu ni Ureno, jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kutoka Lisbon hadi nitakapowaandikia "reino" ubaoni. Hapo hucheka wenyewe.

Unaweza kurudi nyuma zaidi ukitaka. "Inglês" ya Kireno, "English" yenyewe na "Angli" ya Kilatini zote zinarudi kwa Waanglo, kabila lililovuka bahari katika karne ya 5 kutoka eneo la Angeln, ambalo leo liko kaskazini mwa Ujerumani. Binamu mwingine wa jina hilo tumeshamzoea bila kumtambua: Anglikana. Waumini wanaoingia Jumapili katika kanisa la Mtakatifu Albano hapa mjini wamebeba katika jina la dhehebu lao shina lile lile la Mwingereza, ila lilikuja kwa njia ya Kilatini, likafika na "ngl" yake nzima bila kuchomekwa irabu.

Zikague hadithi tamu

Sasa tunaweza kumrudia mzee wa daladala kwa heshima anayostahili, kwa sababu hakukosea kila kitu. Gereza na Ingereza zinafanana kweli. Gereza limetoka katika "igreja" ya Kireno, maana yake kanisa. Kule Zanzibar Waomani walijenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ngome hiyo iliitwa Gereza. Na kwa kuwa ngome ni mahali pazuri pa kufungia watu, neno likatoka kanisani, likapita ngomeni, likaishia kwenye mahabusu. Maneno haya mawili yanafanana kwa sababu yametoka lugha moja na yamepita chini ya mkono wa fundi mmoja: "gr" ikawa "gere" na "gl" ikawa "gere". Ni mfanano wa nguo zilizoshonwa kwa cherehani moja, si wa damu.

Na ile chembe ya historia niliyoitaja mwanzoni? Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Kwa hiyo Mwingereza na gereza walikutana kweli, tena kwa zaidi ya miaka 60, ila walikutana majina yao yakiwa yameshapewa. Hadithi za asili za maneno huzaliwa namna hii: jambo la kweli linaunganishwa na jambo jingine la kweli kwa uzi usiokuwapo. Ukitaka kuukata uzi huo, uliza tarehe.

Kipimo hicho cha tarehe hufanya kazi kokote. Waaustralia humwita Mwingereza "Pommy", na wapo wengi wanaoapa kuwa ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfungwa wa mama Uingereza, kwa sababu Uingereza ilikuwa ikipeleka wafungwa huko. Lakini meli ya mwisho ya wafungwa ilifika Australia mwaka 1868, na neno linaanza kuonekana magazetini mnamo mwaka 1912. Isitoshe, kuunda maneno kwa herufi za kwanza hakukuwa kumezoeleka kabla ya karne ya 20. Maelezo yanayosimama ni ya mchezo wa vina: "immigrant", yaani mhamiaji, ilichezewa hadi ikawa "Jimmy Grant", kisha "pomegranate", ambalo ni komamanga, na mashavu mekundu ya mgeni aliyechomwa na jua yakasaidia utani kushika. Mswahili anayejua taarab atauelewa mchezo huo bila kuchorewa ramani.

Jina la Kimarekani, "Limey", ni rahisi zaidi na halihitaji kukaguliwa sana: mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza walianza kugawiwa maji ya limau mwaka 1795 ili kuzuia kiseyeye, baadaye yakawa maji ya ndimu, na ndimu kwa Kiingereza ni "lime". Ndimu yetu na "lime" yao, kwa njia, ni ndugu, zote zikiwa zimetoka katika familia ya maneno ya Kiarabu na Kiajemi. "L" yetu iligeuka "d" baada ya "n", kama ulimi unavyozaa ndimi.

Kuhusu Mzungu nitasema machache, ingawa ndilo neno ninaloulizwa kuliko yote. Wengi humaliza kwa kusema kuwa ni mtu anayezunguka. Wanaosema hivyo hawakufanya hatua ya kwanza. Lipo neno jingine lenye umbo lile lile katika ngeli nyingine: mzungu, wingi wake mizungu, lenye maana ya jambo la ajabu, hila au ustadi wa kushangaza, na mizungu ni pia mafunzo ya siri wanayopewa wari katika unyago. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imeyaandika yote mawili. Yeyote anayetaka kueleza wazungu bila kuitazama mizungu anaeleza nusu ya nyumba.

Andika kadi yako

Kwa anayeishi Dar es Salaam vifaa haviko mbali. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, iko katikati ya mji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pamoja na maktaba yake. Anza na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kisha rudi nyuma kwenye kamusi za kale, hasa ya Ludwig Krapf iliyotoka mwaka 1882, kwa kuwa Krapf aliishi Mombasa tangu mwaka 1844 na alisikia matamshi ambayo leo yamefifia. Kamusi za wamisionari zisome kwa jicho la tahadhari: wanaweza kukosea asili, lakini umbo waliloliandika ni ushahidi wa kile walichosikia. Wazee wa pwani nao waulize, ila uliza walikuwa wakitamkaje na wakilitumia wapi, usiulize limetoka wapi, maana mzee mwenye ukarimu hatakuacha uondoke mikono mitupu.

Kila neno mpe kadi moja. Juu andika shina, chini yake maana zote ulizozisikia na mahali ulipozisikia, kisha watahiniwa wa asili pamoja na sauti zinazokubali na zinazokataa, na mwisho tarehe ya mwanzo kabisa unayoweza kuithibitisha. Usifute mtahiniwa aliyeshindwa; mpige mstari mmoja tu ili aonekane, kwa sababu mtu atakuja kukuuliza habari zake.

Kama unataka neno la kuanzia, chukua Ulaya. Limetoka katika "wilaya" ya Kiarabu, lenye maana ya nchi au eneo linalotawaliwa, ambalo pia limetupa wilaya zetu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wahindi walilipokea kwa umbo la "vilayat" wakalitumia kuitaja Uingereza na nchi za Ulaya. Askari wa Kiingereza waliokuwa India wakalisikia, wakalivunja kwa ulimi wao, likawa "Blighty", na katika vita ya 1914 hadi 1918 ndilo jina walilotumia mahandakini walipokumbuka nyumbani. Kadi yangu ya neno hilo imeandikwa pande zote mbili, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimeandika anwani ya ofisi ya wilaya ninakolipia leseni.